Sevisi ya maili 60,000: nilivyoichambua karatasi ya dola 1,350

Nilikwenda kubadilisha oili tu. Ilikuwa asubuhi, hapa Columbus, Ohio, nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na akili yote iko kitandani. Mshauri wa sevisi wa pale kwa dila, yaani muuzaji rasmi wa Honda, kijana mcheshi mwenye tabuleti, akanifuata nilipoketi, akaniambia kwa upole kwamba gari langu, Honda CR-V ya 2018, limefikia "sevisi ya maili 60,000". Kisha akaanza kunisomea.

Naiweka orodha yake hapa kama ilivyokuwa, maana wengi mtakutana na inayofanana nayo. Oili na filta yake dola 90. Filta ya hewa ya injini 75. Filta ya AC 95. Kusafisha noza (zinazonyunyizia petroli kwenye injini) na mfumo wa petroli 190. Mafuta ya breki 160. Oili ya gia boksi 250. Oili ya difu ya nyuma (boksi la gia linalogawia magurudumu ya nyuma nguvu) 150. Kulanti, maji ya kupozea injini, 200. Alaimenti, kunyoosha magurudumu, 140. Jumla dola 1,350 kabla ya kodi, na nikichukua kifurushi kizima angenipunguzia kidogo. Alipoona nimenyamaza akaongeza kwamba waranti ya injini na gia boksi inakaribia kwisha, na si vizuri rekodi ya gari ikawa na pengo.

Hapo moyo ulinidunda, na si kwa sababu ya gari peke yake. Kiingereza changu hukwama nikichoka. Kulikuwa na watu pembeni wanasikiliza. Halafu kuna malezi yetu: mtu akikuhudumia kwa heshima, kumkatalia usoni ni kazi nzito. Dola 1,350 ndiyo hela niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya mdogo wangu aliyeko chuo Morogoro, lakini mkono tayari ulikuwa unapapasa kadi kwenye mkoba. Kilichoniokoa ni usingizi. Nikamwambia, "Leo fanya oili tu. Hiyo orodha nichapishie, nitaisoma nikiamka." Akaichapisha bila kinyongo.

Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: omba karatasi, ondoka nayo. Kama breki hazikwaruzi chuma kwa chuma na hakuna taa nyekundu kwenye dashibodi, hakuna kitu katika sevisi ya kawaida kitakacholiua gari kati ya Jumanne na Ijumaa.

Nilipoamka nilianza na lile la waranti kwa kuwa ndilo lililonikaa rohoni. Marekani ina sheria ya tangu 1975 inayoitwa Magnuson-Moss. Inamkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwenye sharti la kutumia vipuri vyake au gereji yake, isipokuwa akupe huduma hiyo bure au awe na ruhusa maalumu ya FTC, tume ya biashara ya serikali ya shirikisho. Maana yake, oili unaweza kubadilishiwa na fundi wa mtaani, au ukabadilisha mwenyewe uani, na waranti ikabaki palepale. Wanachoweza kukataa ni kulipia hitilafu iliyoletwa na kazi mbovu au na wewe kutolihudumia gari. Kwa hiyo uhai wa jambo lote ni risiti: tarehe, maili, aina ya oili. Mimi hata filta niliyoibadilisha kwa mkono wangu naitunzia risiti ya dukani, na kwa nyuma naandika maili kwa kalamu.

Waranti ya kawaida ya Honda huku ni miaka 3 au maili 36,000 kwa gari zima, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na gia boksi, kinachotangulia kufika. Ukishajua hivyo utaelewa kwa nini karatasi kubwa inakuja hapo hapo kwenye 60,000. Ndipo mtu anapokuwa na woga zaidi.

Baada ya hapo nikatafuta kitabu cha gari. Kilichokuwemo kwenye kabati la mbele ni kifupi. Kile kamili kinapatikana bure kwenye tovuti ya Honda, unaandika tu mwaka na aina ya gari. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ndani ya kitabu hicho hakuna kitu kinachoitwa sevisi ya maili 60,000. Magari haya yana kompyuta inayofuatilia jinsi injini inavyofanya kazi, joto lake na mizunguko yake, kisha inakuonyesha asilimia ya uhai wa oili uliobaki pamoja na herufi na namba. A ni kubadilisha oili. B ni oili na filta pamoja na kukagua breki na vitu vingine vya chini. 1 ni kuzungusha matairi, yaani kuyabadilishia nafasi. 2 ni filta za hewa na kukagua mkanda wa nje. 3 ni oili ya gia boksi. 4 ni plagi. 5 ni kulanti. 6 ni oili ya difu ya nyuma, kwa magari ya AWD yanayosukuma magurudumu yote manne.

Asubuhi ile skrini yangu ilikuwa inasema B16. Nilikuwa nimeiona siku nyingi nikadhani ni mambo ya redio.

Nikachukua kalamu nikalinganisha. Kati ya vitu tisa vya kwenye karatasi, gari lenyewe lilikuwa limeomba viwili: oili na difu. Cha tatu lilichoomba, kuzungusha matairi, hakikuwemo kwenye karatasi kabisa. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikakasirika, halafu nikatulia, kwa sababu kitabu kilikuwa na mengine ambayo hayakunifurahisha.

La kwanza ni mafuta ya breki. Kitabu kinasema wazi kwamba bila kujali skrini inaonyesha nini, yabadilishwe kila miaka 3. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yakishajaa maji huchemka mapema unapobana breki kwenye mteremko mrefu, na maji hayo hayo huozesha vyuma vya ndani vya mfumo. Gari nililinunua likiwa limetumika. Nilipoangalia historia yake kwenye Carfax, tovuti ya rekodi za magari, niliona oili na matairi, lakini breki hakuna mahali. Kwa hiyo kijana yule alikuwa na haki kwenye hilo, hata kama skrini ilikuwa kimya. Ningekuwa nimemwita tapeli kwa yote tisa, ningeendelea kupanda na watoto kwenye gari lenye mafuta ya breki ya tangu kiwandani.

La pili ni difu, na hapa nakaa kidogo. Miezi kadhaa kabla, nikikata kona taratibu kwenye maegesho ya supamaketi, nilikuwa nasikia mguno kutoka nyuma, unatetemesha hadi kiti cha mtoto. Nikishafika barabara kubwa unapotea. Mume wangu alisema ni matairi. Mimi nilisema ni theluji iliyoganda chini. Theluji ikayeyuka, mguno ukabaki. Kumbe difu ya nyuma ya CR-V ina klachi ndani yake, na oili ikichoka klachi hizo hukwama na kuachia, ndiyo maana zinaguna ukikunja usukani. Kitu nilichokisoma kwenye karatasi nikadhani ni cha kujazia orodha ndicho hasa gari lilikuwa linakililia.

Nikampigia fundi wetu, Mkongo wa Uvira, mwenye gereji ndogo upande wa mashariki wa mji. Akaniambia, "Mama, usinunue mafuta ya difu ya duka yoyote. Nenda kwa Honda, uliza ya Dual Pump, namba mbili. Hii difu haipendi ingine." Nikarudi kwa dila yuleyule, safari hii kwenye dirisha la vipuri, nikanunua chupa mbili. Watu wa dirisha la vipuri, kwa taarifa yenu, hawana haraka na hawakuuzii kitu cha ziada. Mmoja alinieleza zaidi kuhusu difu kuliko mtu yeyote wa sevisi.

Nilisimama karibu wakati fundi anafanya. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na kwa dila, ambako unakaa nyuma ya kioo unaangalia televisheni. Alilegeza kwanza boliti ya juu, ya kujazia, kabla hajagusa ya chini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ukimwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka, umebaki na difu kavu na gari halitoki. Boliti zile hazina kichwa cha spana. Zina tundu la mraba, raketi ndogo ya 3/8 ya inchi inaingia yenyewe. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na sumaku ya boliti imevaa unga mzito wa chuma. Akaifuta kwa kitambaa, akanionyesha, akajaza mpya mpaka ikaanza kuchuruzika tundu la juu, akafunga. Kazi ya muda mfupi tu. Kisha akaniambia niendeshe nikizungusha nambari nane kwenye uwanja wake. Mguno ulipungua pale pale, na baada ya kuendesha wiki hiyo ukaisha.

Siku hiyohiyo akafanya breki, na kwa kuwa magurudumu yalikuwa yameshatoka, akazungusha matairi bila kunitoza. Nilimlipa dola 80 za breki. Difu, pamoja na zile chupa mbili, ilinigharimu dola 65.

Filta mbili nilibadilisha mwenyewe. Nilinunua zote kwa dola 38, wakati kwa dila zingekuwa 170. Ya AC iko nyuma ya kabati la mbele ya abiria. Unalifungua likaning'inia, unavuta trei. Yangu ilikuwa imejaa majani makavu na mbegu za maua, ya kijivu kabisa. Ya injini ukiinyanyua kwenye mwanga bado ilionekana ina nafuu, nikaibadilisha tu kwa sababu nimeshainunua. Kitabu kinasema ukiendesha kwenye vumbi jingi ibadilishwe kila maili 15,000, lakini Columbus si Dodoma.

Noza nilikataa, na bado nakataa. Injini hii ya lita 1.5 yenye turbo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Masizi yanayosumbua injini za aina hii hujijenga nyuma ya vali za kuingizia hewa, mahali ambapo petroli haipiti, kwa hiyo chupa ya dawa inayomwagwa kwenye tangi haifiki huko. Na kama shida ni noza zenyewe, dawa nzuri ni kujaza petroli yenye alama ya Top Tier, kiwango kilichoanzishwa 2004 na watengenezaji magari wenyewe, Honda wakiwemo. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima mwaka 2016 wakakuta petroli isiyo na kiwango hicho iliacha uchafu mara 19 zaidi ndani ya injini. Tofauti ya bei ni senti chache kwa galoni. Kitabu changu hakina mahali popote panaposema nisafishe noza kwa maili hizo.

Kulanti sikugusa, ni namba 5, na kwa kawaida huja baada ya maili 100,000. Alaimenti niliangalia matairi: yamelika sawasawa, na nikiachia usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka gari haliendi pembeni. Basi.

Gia boksi ndiyo iliyoninyima raha, kwa sababu ina historia kwenye familia. Shemeji yangu wa Dayton alipeleka gari lake lenye CVT kwenye moja ya zile sehemu za oili chapuchapu, wakamwekea oili ya gia ya otomatiki ya kawaida. Gia boksi ya CVT inatumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na oili yake ndiyo inayoufanya mkanda ushike bila kuteleza. Halikumaliza hata msimu. Akanunua gia boksi, maelfu ya dola, na wale waliomwekea hawakukubali kosa kwa kuwa risiti ilisema tu "sevisi ya gia". Kwa hiyo nilijiuliza: nibadilishe sasa kwa usalama, au nisubiri namba 3? Kitabu kinataka ibadilishwe mapema, kila maili 25,000, kwa anayevuta trela au kupanda milima kwa mwendo mdogo. Mimi napanda rampu ya maegesho ya kazini. Nikasubiri. Namba 3 ilikuja kabla ya maili 70,000, na hiyo nilikwenda kuifanyia kwa dila, nikiwa na kuponi yao niliyoipata kwa posta. Niliomba iandikwe kwenye risiti kwamba ni HCF-2, oili ya Honda yenyewe, na kwamba wamemwaga na kujaza, si kusukuma kwa mashine. Ningeweza kuokoa dola ishirini kwa fundi, lakini kwa gia boksi nilitaka karatasi yenye nembo.

Ukijumlisha, pamoja na zile 90 za oili, siku zile nilitumia dola 273. Ada ya Morogoro ikaenda.

Kuna jambo moja ambalo mimi nafanya zaidi ya skrini inavyotaka. Kutoka nyumbani hadi kazini ni mwendo mfupi, na majira ya baridi injini haijapata moto vizuri nimeshafika. Injini hii ya 1.5 inajulikana kwa petroli kuchanganyika na oili katika hali hiyo. Januari moja nilichomoa kijiti cha oili, nikanusa, petroli tupu, na oili imepanda juu ya alama. Tangu hapo, baridi ikianza, sisubiri skrini ifike asilimia 15. Nabadilisha ikiwa kwenye arobaini hivi.

Kuhusu wale vijana wa tabuleti, jueni tu kwamba wengi wao hulipwa kamisheni kwa wanachouza, na mafundi wa nyuma hulipwa kwa kazi zilizoidhinishwa, si kwa saa walizokaa. Hakuna haja ya kuwachukia. Mimi sasa nauliza mambo mawili, kwa sauti ya kawaida. "Hii wameandika Honda, au ni pendekezo lenu hapa?" Wengi hujibu kwa ukweli ukiwauliza hivyo moja kwa moja. Na kama kitu kimewekwa rangi ya njano au nyekundu kwenye ile karatasi ya ukaguzi, naomba kipimo. Pedi za breki zina milimita, betri ina kipimo chake, tairi lina kina. Mara moja niliambiwa pedi za mbele "ni za kuangaliwa". Nikauliza milimita ngapi. Akarudi nyuma kuuliza, akaja na jibu: saba. Pedi za milimita saba bado zina safari ndefu.

Wenye familia kubwa, najua wengi wenu mna Odyssey au Pilot za zamani zenye injini ya V6. Ninyi msijifunze ubahili kutoka kwangu. Injini hizo zina mkanda wa taiming, na skrini ikileta namba 4 mkanda huo unahesabiwa humo. Bei itazidi dola 1,000, mara nyingi pamoja na pampu ya maji, na itakuwa halali kabisa. Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga vali na injini imekwisha. Kwenye sehemu za joto kali sana au baridi kali sana kitabu kinautaka ubadilishwe kila maili 60,000. Hapo ndipo namba hiyo ina maana ya kweli.

Nyumbani Tanga kaka yangu ananiambia kwao tatizo limegeuka: hakuna anayekulazimisha kitu, unabadilisha oili na filta, unaosha gari, unaondoka. Oili ya gia haiguswi mpaka gari ligome kuondoka kwenye taa. Nilimwomba anipigie picha stika ya Kijapani iliyobaki chini ya boneti ya gari lake. Ilikuwa na tarehe na kilomita za sevisi ya mwisho iliyofanyika Japani. Miaka yote ameendesha akiwa nayo hapo.

Langu sasa lina maili 91,000. Kinachofuata ni plagi, na nimeshauliza bei kwa dila na kwa fundi wa Uvira. Fundi ananitaka nilete plagi za iridiamu mwenyewe, kutoka dirisha lile la vipuri, zikiwa kwenye maboksi yaliyofungwa.